Mzee Asiye na Mtu

Katika sura ya 5 ya Injili ya Yohane tunasimuliwa habari za mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38, akilala kando ya birika la Bethzatha mjini Yerusalemu. Bwana wetu alipomwuliza kama alitaka kupona, yule mgonjwa hakutaja ugonjwa wake. Hakulalamikia miguu wala mgongo. Alieleza tu kwamba hakuwa na mtu wa kumtia majini, na kwamba kila alipojikokota kwenda, mwingine alimtangulia. Injili hiyo nimeihubiri mara nyingi, nikisisitiza imani na uwezo wa Kristo, na ndivyo ipasavyo. Lakini nilikuwa padre kwa miaka kadhaa kabla sijatambua kwamba jibu la yule mgonjwa, mbali na kuwa kilio, lilikuwa maelezo sahihi kabisa ya maradhi yake.

Kilichonifumbua macho ni daftari la jumuiya. Katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo moja aliniletea orodha ya waamini walioitwa "wasioshiriki", ambao kwa taratibu tulizojiwekea parokiani hawangepewa huduma fulani mpaka waweke mambo yao sawa. Miongoni mwao alikuwamo mjane mmoja mzee ambaye kwa miezi 11 hakuonekana jumuiyani wala hakutoa zaka. Niliitia sahihi orodha ile bila kuuliza neno. Baada ya majuma machache katekista akaja kuniomba nimpelekee mama huyo Mpako wa Wagonjwa.

Tulimkuta peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, miguu imevimba, kidonda kikubwa juu ya kisigino. Juu ya pao kulining'inia mfuko wa plastiki wenye dawa za presha na za kisukari. Bahasha moja iliandikwa 1×2, nyingine 1×3. Mama yule hakujua kusoma. Alipopewa dawa zile alielezwa kwa haraka, naye akashika moja tu, kwamba ameze kichwa kinapouma. Watoto wake, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine machimboni Geita, walimtumia fedha kwa simu, lakini simu ilikaa kwa kijana wa jirani, maana yeye hakuweza kusoma ujumbe, na kiasi gani kilimfikia Mungu ndiye ajuaye. Jumuiyani aliacha kwenda kwanza kwa aibu ya kukosa mchango, kisha kwa sababu ya miguu. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Sisi tulimwandika kuwa Mkristo mlegevu.

Ndugu wapendwa, mama yule alikosa vitu viwili: mtu na herufi. Nimejitahidi tangu siku ile kusoma yale ambayo wataalamu wameyaandika juu ya mambo hayo mawili, nami nataka kuwashirikisha, kwa kuwa naamini Tume yetu ya Haki na Amani imeshughulikia ardhi, uchaguzi na mirathi kwa bidii, lakini miili ya wazee wetu tumeiachia zahanati.

Mwaka 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofuatilia watu wazima karibu 7,000 wa wilaya ya Alameda, huko California, kwa miaka 9. Waliangalia mafungamano ya namna nne: ndoa, ndugu na marafiki, ushirika katika kanisa, na uanachama katika vikundi vingine. Waliokosa mafungamano hayo walikufa katika miaka hiyo kwa kiwango cha mara mbili na zaidi kuliko waliokuwa nayo kwa wingi, hata baada ya kuzingatia sigara, pombe, unene na hali ya afya waliyoanza nayo. Uchunguzi mwingi uliofuata katika nchi mbalimbali umeelekea huko huko, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu ya kushughulikia mahusiano ya kijamii kama suala la afya ya umma.

Uchunguzi wa Boston una mafundisho zaidi. Mwaka 1938 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walianza kuwafuatilia vijana wanafunzi wa chuo hicho, jumla yao 268, na baadaye kazi hiyo ikaunganishwa na ile ya kuwafuatilia wavulana 456 waliotoka katika mitaa ya kimaskini ya mji wa Boston. Wamefuatwa maisha yao yote kwa madodoso, mahojiano na vipimo vya tabibu. Hayo yamefanyika kwa zaidi ya miaka 80, kizazi kimoja cha watafiti kikikabidhi majalada kwa kingine. Robert Waldinger, aliyeongoza kazi hiyo katika miaka ya karibuni, ameeleza kwamba walipotazama nyuma kutafuta ni nini katika umri wa miaka 50 kilichoashiria nani angekuwa mzima wa afya akiwa na 80, ridhaa ya mtu katika mahusiano yake iliashiria vizuri kuliko kipimo cha lehemu katika damu.

Lakini jambo lililonigusa mimi zaidi ni lile aliloliandika mtangulizi wake, George Vaillant. Wale wavulana wa mitaa ya kimaskini walipofika miaka 70, kwa jumla miili yao ilikuwa imechakaa kama ya watu wa Harvard waliofika 80. Umaskini uliwanyang'anya miaka 10 ya uzima. Isipokuwa wachache kati yao, wale waliobahatika kumaliza masomo ya chuo: hao, walipofika miaka 70, afya yao ililingana na ya watu wa Harvard wa umri ule ule, ingawa walizaliwa katika ufukara, vyuo vyao havikuwa na jina, na vipato vyao vilikuwa vidogo. Elimu ilifanya kazi ambayo fedha peke yake haikuifanya. Ni kweli kwamba hao wote walikuwa wanaume, tena Wazungu wa Marekani, nasi hatuwezi kuhamisha kila tarakimu na kuileta Usukumani. Hata hivyo mwili wa binadamu ni mmoja.

Ushahidi wa tatu unatoka nyumbani mwa Mama Kanisa. Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwachunguza Masista wa Shule wa Notre Dame huko Marekani, na hatimaye masista 678, wote wenye miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa kila mwaka na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Tufikirie kwa nini mtaalamu awaendee watawa. Kwa sababu wamekula meza moja, wamelala chini ya paa moja, hawavuti sigara, hawakuzaa, na wanatibiwa na tabibu yule yule. Tofauti nyingi zinazowachanganya watafiti kwao hazipo. Na bado tofauti moja ilijitokeza: masista waliosoma hadi kupata shahada, aghalabu walimu, waliishi muda mrefu zaidi, tena wakiweza kujihudumia wenyewe, kuliko wenzao wenye elimu ndogo, ambao wengi walifanya kazi za jikoni na usafi. Zaidi ya hayo, masista walipokuwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, kabla ya nadhiri, waliandika kwa mkono historia fupi za maisha yao. Wale ambao maandishi yao ya ujana yalikuwa na mawazo mengi yaliyofungamana vizuri walipatwa mara chache zaidi na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Sista mmoja alifariki akiwa na miaka 101, akili yake timamu hadi mwisho, ingawa ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na alama nyingi za ugonjwa huo.

Nakiri kwamba habari hiyo ya masista ilinifariji na kunichoma kwa pamoja. Ilinifariji kwa kuwa inaonesha nguvu ya maisha ya pamoja, maana masista kwa jumla huishi miaka mingi. Ilinichoma kwa kuwa hata ndani ya nyumba takatifu, aliyepelekwa jikoni bila kusomeshwa alilipa kwa mwili wake baada ya miaka 50. Wakuu wa mashirika ya watawa na sisi mapadre wenye wasichana wa kazi parokiani tuisome vizuri.

Pengine msomaji atauliza: urafiki unaingiaje katika mishipa ya damu? Mtu anayeishi katika upweke au hofu, mwili wake hukaa kama askari aliye lindoni usiku. Homoni za mfadhaiko hazishuki, shinikizo la damu hupanda, usingizi huwa wa mang'amung'amu, na kinga ya mwili hudhoofika. Hayo ni ya ndani. Ya nje ni rahisi zaidi: mwenye watu kuna atakayegundua kwamba leo hakufungua mlango. Kuna atakayemsindikiza zahanati, atakayeshika mkono wake kwenye njia yenye matope, atakayesema kidonda hiki si cha kungoja. Na elimu nayo hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Aliyesoma huisoma bahasha ya dawa, huhoji, huelewa kwamba presha haiumi na bado huua, na akiambiwa arudi baada ya mwezi hurudi. Tena elimu yenyewe huzaa watu: shule, vyama na kazi humpa mtu wenzi wengi kuliko mipaka ya shamba lake.

Wala tusizidishe. Ni kweli pia kwamba mgonjwa hujitenga kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo si kila upweke ni chanzo. Mwingine ni matokeo. Na kuna mafungamano yanayoua, kama wajuavyo kina mama waliozeeka chini ya fimbo. Ninachodai ni kwamba mambo haya mawili yana uzito wa kutosha kuingizwa katika hesabu ya haki.

Sisi Watanzania hatukuwa wageni wa jambo hili. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikafanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini wazee wengi parokiani wanaikumbuka. Watu walikutana kwa vikundi kuizunguka redio, kiongozi wa kikundi akiwa na kitabu chake. Walisikiliza kipindi, wakasoma sura, wakajadiliana, kisha wakainuka na kutenda: wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakachemsha maji. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Naomba tuitazame vizuri hekima ile. Hakuletwa mtaalamu awahutubie watu mmoja mmoja. Elimu iliwekwa ndani ya kikundi, na kikundi kikawekwa ndani ya kijiji, na mwisho wake ukawa jembe ardhini. Mafungamano na elimu vilikuwa kitu kimoja. Maaskofu wa AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, ardhi ilikwisha kulimwa. Kijana aliyekuwa na miaka 25 katika kikundi cha mwaka 1973 leo amevuka 75, na ndiye yule anayeketi peke yake na bahasha asiyoielewa, kwa sababu herufi chache alizozipata amezisahau kwa kukosa cha kusoma, na kikundi chake kilikwisha kuvunjika siku nyingi.

Upande wa giza nao tuutaje. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kisingizio kikubwa kimekuwa macho mekundu. Macho hayo yametoka wapi? Mahali ambapo miti imekwisha, mama hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake humkereketa macho kwa miaka 40 au 50. Wengine wana vikope, ugonjwa unaotibika. Hapa ukosefu wa elimu haumuui mwenyewe tu: ujinga wa kijiji kizima humgeukia yeye aliye dhaifu. Nami nathubutu kusema kwamba anayetuhumiwa aghalabu ni yule asiye na mtu, mjane ambaye wanawe wako mbali, na shamba lake lina wa kulitamani. Mwenye watu wengi mlangoni, hata macho yake yawe mekundu kama kaa la moto, huitwa bibi.

Kuna ndugu huniambia kwamba upweke ni ugonjwa wa Ulaya, kwamba sisi tuna ukoo, na mzee wa Kiafrika hafi peke yake. Ningependa iwe hivyo. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilitufundisha kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu kwa sababu Mwafrika anajua familia ni nini. Lakini tembea vijijini mwetu uone nyumba ngapi zina bibi na wajukuu wawili tu, wazazi wakiwa mjini au makaburini kwa ajili ya UKIMWI. Bibi huyo ana watu nyumbani, ndiyo, lakini ni watu anaowabeba, si wanaombeba. Naye mzee wa mjini, anayekaa kwa mwanawe nyuma ya geti, asubuhi wote wakienda kazini na shuleni, anazungumza na nani mpaka jioni?

Serikali ina wajibu wake na hatuna budi kuudai. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya wazee wasiojiweza kutibiwa bila malipo kuanzia umri wa miaka 60. Mzee akifika na kitambulisho chake akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje, haki hiyo imebaki karatasini. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni jamii, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Wazee wakulima wa Bara wanastahili vivyo hivyo. Na kuhusu elimu, waraka wa Novemba 2021 ulioruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni niliupokea kwa furaha, ingawa najua si wazazi wote Wakatoliki walioufurahia. Binti aliyekuwa na miaka 15 mwaka huo atafikisha 60 mwaka 2066. Tunapomfungia mlango wa darasa kwa jina la maadili, tunaamua leo atakavyotembea, atakavyoona na atakavyokumbuka siku hiyo.

Lakini sitaki tujifiche nyuma ya Serikali, kwa kuwa daftari lile lilikuwa la kwetu na sahihi ilikuwa yangu. Jumuiya zetu zimegeuka kwa kiasi kikubwa kuwa vituo vya kukusanyia michango. Mzee asiye na kitu huona ni heri abaki nyumbani kuliko kusomwa jina mbele ya wenzake. Wengine mikutano yetu imewahamia mbali, juu mlimani kwa mwenyekiti mwenye viti vingi, nao hawawezi kupanda. Kisha mzee akifa ndipo tunaonekana, kwaya, sare za WAWATA, turubai na sufuria kubwa. Mazishi tunayamudu sana. Ningetamani nusu ya watu walio kwenye mazishi waonekane mwaka mmoja kabla, wawili wawili, bila sare.

Hali kadhalika tusidhani kwamba kumpelekea mzee sabuni na sukari siku ya Krismasi kunatosha. Mzee si wa kupokea tu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipowaandikia wazee barua yake mwaka 1999, aliandika akiwa mzee mwenyewe wa miaka 79, naye alikuwa bado kazini. Yule mama niliyemtaja alijua majina ya miti yote ya dawa ya eneo letu na historia ya kigango tangu nyumba ya kwanza ya nyasi. Binti mmoja wa Kipaimara alipotumwa kumsomea bahasha za dawa kila jioni, alirudi na daftari lililojaa hadithi, na mama naye akaanza kuuliza herufi hii ni ipi. Hakufika mbali katika kusoma. Alijifunza kuitambua bahasha ya presha kwa herufi yake ya kwanza, na tarakimu mpaka 3. Kidonda kilichukua miezi kufunga. Aliishi miaka miwili na nusu baada ya ule Mpako, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo jumuiya ilisali nyumbani kwake, kwa kuwa yeye hakuweza kuwafuata.

Orodha ya "wasioshiriki" tumeifuta katika parokia hii. Badala yake kila katibu wa jumuiya ana ukurasa wa wazee na wagonjwa wenye safu nne: nani alimtembelea juma hili, nani anamsomea dawa, tarehe ya kurudi zahanati ni lini, na simu yake anaishika nani. Safu hiyo ya nne imetuletea ugomvi katika familia tatu mpaka sasa, na mashauri mawili kati ya hayo yako mbele ya Tume. Kurasa hizo huzisoma mimi mwenyewe kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na viongozi wa vigango ambao hawajaleta za kwao wanajua siku ya kuzileta.